Pindo ameondoka, mayai bado yana uhai

Jumanne, jioni

Mawingu yameikalia Kariakoo tangu alfajiri na mvua imegoma kushuka. Joto la kunata. Shati limenishika mgongoni, na kiganja cha kulia kina donda bichi linalouma kila nikigusa simu. Naandika hivyo hivyo, maana nikilala na siku hii kifuani sitapata usingizi.

Pindo amekufa.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Mnaopita hapa mara kwa mara mnamjua. Kwa anayefika leo kwa mara ya kwanza, Pindo alikuwa kuku wangu. Najua, najua. Mwanamume mzima, fundi cherehani mwenye mvi kidevuni, anamlilia kuku katika mtaa ambao kuku wanachinjwa kutwa nzima na hakuna anayegeuza shingo kutazama. Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma.

Sikumnunua. Alikuja mwenyewe. Asubuhi moja alichoropoka kwenye tenga la wachuuzi, akakatiza barabara huku bodaboda zikimkwepa, akaingia barazani kwangu na kujibanza chini ya cherehani. Miguu ilikuwa imefungwa kwa kipande cha kitambaa ambacho nusu yake ilikuwa imeshalegea. Nilikikata kwa mkasi, nikasubiri mwenyewe aje kumdai. Niliuliza kushoto na kulia, hakuna aliyejitokeza. Jioni ilipofika alikuwa ametaga yai kwenye kapu la vipande vya vitambaa, juu kabisa ya pindo la gauni la bibi harusi nililokuwa nimelikata mchana. Basi jina likawa hilo.

Tangu nibaki peke yangu, chumba changu kilikuwa na sauti mbili tu, ya cherehani na ya redio. Pindo akawa ya tatu. Nikikanyaga cherehani, yeye analala karibu na mguu wangu. Nikisimama kunywa chai, na yeye anasimama, kana kwamba tumekubaliana saa ya mapumziko. Wateja walinitania kwamba nimeoa. Nilikuwa nawajibu kwamba huyu angalau haniulizi nilikuwa wapi.

Wiki hizi za karibuni alikuwa analalia mayai. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ya zamani, imebanwa na maghorofa pande zote, na uani tumebakiwa na kipande cha udongo kinachotosha mpapai mmoja na banda dogo. Hapo ndipo nilipomwekea kiota, ndani ya kapu lile lile la vitambaa. Baba wa watoto ni jogoo wa nyumba ya nyuma, mhuni mmoja anayeruka ukuta bila hodi.

Adui niliyemjua mimi ni kunguru. Hapa mjini kunguru ni wengi na hawana haya, wanaiba hata sabuni. Kwa hiyo nilifunika banda kwa wavu maradufu, nikatundika mifuko myeusi ipeperuke iwatishe, nikajiona fundi kweli kweli. Nilitazama juu tu. Chini ya mlango nikaacha mwanya wa kupitishia bakuli la maji, kwa sababu ya uvivu wa kufungua komeo kila mara.

Paka shume akapita hapo hapo.

Alfajiri nilisikia kelele. Aliyefika wa kwanza uani ni Bi Zuhura, jirani yangu wa chumba cha mkabala, mjane anayekaanga vitumbua mbele ya nyumba na kwa hiyo huamka kabla ya kila mtu. Nilipotoka na msuli wangu nikamkuta ameshamfukuza paka kwa upawa wa vitumbua. Yai moja lilikuwa limepasuka. Pindo alikuwa amelala ubavu nje ya kiota, shingo imechanika, jicho moja linanitazama. Nyayo kwenye vumbi zilionyesha kwamba alitoka kwenye mayai kwenda kumkabili yule paka. Hakukimbia. Angetaka angejibanza kona ya mbali.

Nilimpakata. Alikuwa bado anapumua.

Bi Zuhura akaingia jikoni na kurudi na kisu. Alikuwa ameshakigeuza, mpini uko upande wangu.

"Wahi, Shabani. Mchinje kabla hajawa kibudu."

Kwa ambaye hajakulia kwetu, nieleze. Mnyama akifa bila kuchinjwa huyo ni kibudu, haliwi. Kwa hiyo kuku akigongwa na pikipiki au akishikwa na paka, mtu wa kwanza kufika huwahi na kisu, akamtaja Mungu, na nyama ikaokolewa. Ni busara tu ya watu wasiopenda kutupa chakula. Nimeliona hilo tangu utotoni. Mwenyewe nimelifanya kwa kuku wa watu.

Leo mkono ulikataa.

"Sichinji," nilisema. "Huyu si mboga."

"Anaumia, mwanangu."

"Nimesema sichinji! Ondoa hicho kisu!"

Nilimpigia kelele mwanamke wa umri wa mama yangu, kabla hata sijampa shikamoo ya asubuhi. Mafuta yake ya vitumbua yalikuwa yanaungua huko mbele na yeye hakujali, alikuwa amesimama tu na kisu chake. Pindo akapumua mara chache zaidi, akajinyoosha, akatulia mikononi mwangu.

Majirani wengine walikuwa wameshatoka. Mmoja akanung'unika kwamba kuku mzima ameharibika hivi hivi. Bi Zuhura alikirudisha kisu jikoni, akaenda kuipua karai.

Sasa hivi, nikiwa nimetulia, nakubali kwamba huenda alikuwa na haki. Yeye hakuwa anafikiria mchuzi. Alisema anaumia, na alikuwa anaumia kweli. Kisu kingemfupishia maumivu. Niliyekuwa namwonea huruma pale nadhani ni mimi mwenyewe.

Nimemzika chini ya mpapai. Paka shume wakaidi hufukua, kwa hiyo juu yake nimeweka miguu ya chuma ya cherehani ya marehemu baba, ile iliyokuwa inaota kutu ukutani. Pindo alipenda kulala chini ya cherehani, basi na alale.

Nilidhani siku imeishia hapo. Nikarudi kwenye banda kutoa lile kapu nilitupe, nisilione tena. Nikashika yai moja.

Lilikuwa na joto.

Nililipeleka chooni, mahali pekee penye giza mchana katika nyumba hii, nikaliwekea tochi ya simu kwa nyuma. Ndani kulikuwa na giza zito limejaa karibu yai lote, na kwenye ukingo wa mwanga kitu kikajisogeza. Kidogo tu, kama mtu anayegeuka kitandani. Nikajikuta nimekaa chini kwenye sakafu ya choo, kilio nilichokizuia mbele ya watu kimenitoka chote.

Halafu nikakumbuka kwamba yai likipoa basi.

Umeme, bila shaka, ulikuwa umekatika. Niliwasha pasi ya mkaa. Nikachagua vipande vya flana na blanketi kwenye masalio yangu, nikavipiga pasi, nikavijaribu shavuni kama mama anavyojaribu maji ya kumwogesha mtoto, nikayafunga mayai saba yaliyobaki. Kitambaa kikianza kupoa nabadilisha. Kuna mteja alikuja kuchukua suruali yake, akanikuta napiga pasi matambara na kuyafunika mayai, akasema atarudi kesho. Aliondoka kwa haraka kidogo.

Lakini pasi si mama. Mkaa ulikuwa unakwisha, na kila nilipogusa mayai niliona hayako sawa, moja moto sana, jingine linapoa. Vifaranga waliokuwa wamebakiza siku chache tu kuliona jua walikuwa wanafia mikononi mwangu, kama mama yao.

Mkaa uko kwa Bi Zuhura. Ilinibidi niende.

Nilisimama mlangoni kwake na kapu kifuani. Nikasema shikamoo. Marahaba ilikuja ikiwa imechelewa. Nikamwambia, "Bi Zuhura, asubuhi nilikukosea adabu. Nisamehe." Nilikuwa nimepanga maneno mengine mengi lakini hayakutoka.

Alitazama kapu, hakunitazama mimi. Akaingiza mkono chini ya flana, akagusa yai moja moja. Kisha akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akasema, "Lete huku." Akayapanga mapajani, akayafunika kwa kanga mbili. Na mimi nikapewa amri. Mayai hayataki pasi, yanataka kuku. Niende sokoni nikatafute kuku anayeatamia.

"Utamjuaje? Atakuwa amejivimbisha, na hataki kuguswa. Mpapase kifua. Kama kimenyonyoka manyoya na kinachoma, ndiye. Na usikae kupiga soga, miguu yangu inakufa ganzi."

Nimeishi jirani na soko la kuku miaka yote na leo ndiyo nimejua ugumu wa kununua mama pale. Wauzaji wanauliza swali moja, wa supu au wa kukaanga. Nikisema namtaka anayeatamia, wananitazama kama mgonjwa. Kuku anayeatamia hali vizuri, anakonda, anajaza tenga bure. Mmoja akaniambia, "Fundi, hapa tunauza minofu. Malezi nenda ustawi wa jamii." Wakacheka safu nzima, na mimi nikacheka, ingawa nilikuwa nazifikiria zile kanga mapajani kwa Bi Zuhura.

Nilipapasa vifua vya kuku hadi nikaona aibu.

Karibu na mwisho, muuzaji mmoja mwenye kofia ya mkeka akanionyesha tenga la pembeni. Alisema yumo mmoja mwenye kisirani, amewadonoa wateja wote, amekonda na hakuna anayemtaka. Nikachungulia. Kuku wa shingo tupu, mbaya wa sura, Mungu anisamehe, amejivimbisha kama mto wa sufi. Alikuwa amelalia gunzi la muhindi.

Gunzi. Amelipata wapi sijui. Amelikumbatia kwa kifua chake chote.

Nikaingiza mkono, akanichana kiganja mpaka damu. Kifua chake kilikuwa kitupu na cha moto. Sijawahi kufurahia kudonolewa namna hii maishani. Nikasema namchukua, nikalipa bila hata kubishana, na hapo simu ikaita. Alikuwa Bi Zuhura, anauliza nimekwenda kununua kuku au kumzaa. Niligeuka nikaziba sikio moja nimsikie vizuri.

Nilipogeuka tena, kuku hayupo.

Yule mwenye kofia alikuwa anahudumia mteja mwingine. Nikamuuliza kuku wangu yuko wapi. Akanijibu kwa upole kabisa, huku anahesabu kuku wengine, "Anaandaliwa, Fundi. Dakika mbili tu."

Ni kosa langu mwenyewe. Pale sokoni ukilipa, kuku anakwenda nyuma moja kwa moja kwa mchinjaji, maji yako jikoni yanachemka, na unaletewa mfuko. Hakuna anayeuliza. Atauliza ya nini? Hakuna mtu anayenunua kuku wa shingo tupu aliyekonda ili akaishi naye.

Niliruka matenga. Nyuma kulikuwa na mvuke na manyoya yaliyolowa, na mzee mmoja mwenye aproni ya plastiki alikuwa ameshambana mbawa chini ya mguu, shingo imevutwa, kisu kiko hewani. Nikamsikia anavuta pumzi ya kusema Bismillahi.

"Usichinje!"

Sauti iliyonitoka ilikuwa ile ile ya alfajiri. Mpaka nilijishtukia. Mzee akabaki na kisu juu, wapakizi wakaacha kazi. Akauliza nina wazimu gani. Nikamwambia, mzee wangu, huyu ana watoto wanamsubiri nyumbani.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Si kweli, na ni kweli.

Mzee alimtazama kuku, akanitazama mimi na kiganja changu kinachotoka damu. Akainua mguu wake taratibu. "Haya, basi," akasema. "Mpeleke kwa watoto wake." Akamfunga miguu kwa kamba laini, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nyuma yangu walicheka mpaka nikafika barabarani. Nadhani nitaitwa Baba Kuku mpaka niingie kaburini.

Nilirudi nikikimbia, kuku kwapani. Bi Zuhura alikuwa ameketi vile vile kama nilivyomwacha, vitumbua vya watu havijakaangwa, wateja wake wameambulia maneno matupu. Adhuhuri ilikuwa imeshaingia kitambo. Akanikabidhi mayai, akaenda kutawadha, na mimi nikaketi pale mkekani na kapu mapajani na kuku mkali kando yangu, sithubutu kukohoa, hadi alipomaliza kuswali. Nilipomsikia akiomba dua niliitikia amina ingawa sikusikia anaomba nini.

Kisha akaja kuniangalia nikimfunga kuku kamba ndefu kwenye mpapai. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema. Ndilo neno la kwanza la utani kutoka kwake leo. Nilishukuru sana kulisikia.

Mchana wote tumezunguka na yale mayai, mara kwangu mara kwake. Mwanya wa banda nimeuziba kwa matofali na saruji iliyobaki kwa mafundi wa ghorofa la jirani. Bi Zuhura amekataa nimpe kuku mayai mchana kweupe, eti atayashtukia na kuyavunja. Tukasubiri mwanga upungue. Magharibi ilipokaribia, nikaliweka kapu bandani, nikamweka kuku juu yake kwanza na gunzi lake, maana huyu nimemletea na gunzi, mchana nilirudi sokoni kuliomba. Halafu nikaanza kupenyeza mayai chini ya kifua, moja baada ya jingine, naye ananidonoa moja baada ya jingine.

Akasimama.

Akayatazama. Akaligonga moja kwa mdomo, ko. Akashuka kapuni, akatembea mpaka ukutani, akakaa huko. Mimi na Bi Zuhura tulikuwa tumechuchumaa nje ya wavu kama wezi. Nikaanza kusema kitu, akanifinya. Sikuwahi kuona dakika ndefu kama zile. Nilimfikiria Pindo alivyotoka kapuni humo humo alfajiri, na nikahisi kwamba nimefanya mambo ya kitoto siku nzima, kwamba mama habadilishwi kama kifungo.

Kuku akarudi. Aliingia kapuni taratibu, mguu mmoja, mguu wa pili. Akalisukuma gunzi nje. Kisha akayavuta mayai kwa kidevu, akajishusha, akajitikisa, akajaa kapu zima.

Bi Zuhura aliondoka akipangusa uso kwa pindo la kanga. Baadaye nikasikia karai lake linalia. Ameniletea vitumbua vinne vya moto na chai, ameviacha juu ya cherehani. Nimemaliza vyote.

Najiuliza kama ni haki kuwa na furaha jioni ya siku kama hii. Pindo hajapoa udongoni. Namkosa, na mguu wangu wa kushoto hapa chini ya cherehani hauna mtu. Sitaki kujifanya kwamba kuku mmoja amechukua nafasi ya mwingine. Huyu mpya ana roho yake na sura yake ngumu, na nimempa jina Sindano kwa sababu zinazoonekana kiganjani.

Lakini kabla sijaketi kuandika nilipita uani kukagua saruji. Nilisikia Sindano anasema peke yake, kwa sauti ile ya chini ya kuku mama anayezungumza na walio ndani ya yai. Nikasimama. Akanyamaza kidogo, kama anayesubiri.

Chini yake, kitu kikajibu. Pii. Sauti ndogo, nyembamba kuliko uzi. Sauti ya mtu ambaye hajawahi kumwona Sindano na hajui kwamba si mama yake.

Nimemgongea Bi Zuhura mlango aje asikie. Amekuja na kanga ya kulalia, tumeinama wote wawili kichwa kwa kichwa. Tumesikia ya pili.

Anasema niamke mapema, nitafute rangi ya waridi ya kuwapaka vifaranga, kunguru wasiwatambue. Fundi nguo nikose rangi? Alfajiri nitakuwa uani, na safari hii shikamoo itatangulia.